Neno Lililobaki Mkononi

Siku Ramla alipokutana na Gédéon, nusu ya soko la Mangobo ilimdhania mwendawazimu, na sioni kwa nini tuwalaumu. Mwanamke mzima, kitenge cha kijani kimemkaa sawasawa kiunoni, kilemba kimefungwa kwa adabu, ameinama mbele ya safu ya sufuria mpya na kuzigonga moja moja kwa kijiko cha mbao. Ngo. Anatega sikio. Anatikisa kichwa. Ngo, nyingine. Mama muuza mbinzo aliacha kupima wadudu wake ili aangalie vizuri. Mwenye pikipiki alipiga honi apishwe, na Ramla akamnyooshea kidole anyamaze, eti anamharibia sauti.

Mwenye sufuria alivumilia mpaka ya tisa.

"Mama, uko nanunua ao uko nabisha hodi?"

"Nabisha hodi," alijibu Ramla bila kuinua macho. "Kama kuko mutu ndani, atajibu."

"Na akijibu?"

"Nitamupeleka nyumbani."

"Alors gonga na hapa," alisema yule bwana, akajipiga kifuani.

Ndipo Ramla alipoinua macho. Aliona mwanamume mrefu, fulana imetobolewa na cheche, mikono ina makovu madogo ya moto mpaka viwikoni, na meno ambayo hayakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa anaitwa Gédéon. Sufuria zile alizitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yao: anayeyusha vipande vya aluminiamu, anamimina kwenye kalibu ya mchanga, anapiga msasa mpaka zing'ae.

"Natafuta mbili," Ramla alimweleza. "Moja iseme juu, ingine iseme chini kidogo. Zako zote zinasema mamoja."

"Zangu zinapikaka pondu, mama. Hazisemake."

Lakini alikwisha inuka. Alichakura nyuma ya magunia, akatoa sufuria moja yenye kitako chembamba. "Hii ilikosa. Ukiweka ku moto, chakula itaungua." Ramla akaigonga, na uso wake wote ukafunguka. Ilikuwa hiyo hiyo.

Akamwambia kazi yake. Mtu akipasuka mshipa kichwani, au akiumia kichwa, anaweza kupoteza maneno yote. Lakini mara nyingi wimbo unabaki, kwa kuwa una chumba chake. Basi yeye anapita kwenye chumba hicho. Anachukua neno, analiweka kwenye sauti mbili, ya juu na ya chini, mgonjwa analiimba huku anapiga mkono, pigo moja kwa kila silabi, mpaka siku moja wimbo unaondoka na neno linabaki.

"Donc uko munganga wa nyimbo," alisema Gédéon polepole.

"Donc niko munganga wa nyimbo."

Sufuria iliyokosa ilitolewa bure, ya pili ikalipiwa. Namba ya simu ilichukua dakika kumi za ubishi, na mama muuza mbinzo ndiye aliyeisoma kwa sauti ili Gédéon aiandike.

Walipendana, na walipendana kwa kelele. Jumapili jioni walikula liboke, samaki waliofungwa na kuchomwa ndani ya majani, kwenye ukingo wa mto, wakaangalia mitumbwi ikivuka kutoka Lubunga, wakabishana nani kala kichwa cha samaki. Mchana simu ililia.

"Sheri, uko wapi?"

"Ku kazi, Gédéon. Unajua niko ku kazi."

"Nilitaka tu kusikia kama sauti iko palepale."

"Iko palepale. Kata simu."

"Kata we."

Hakuna aliyekata. Miezi minane ilipita hivyo, na kwa miezi minane kila mmoja aliahidi kumpeleka mwenzake nyumbani mwezi ujao. Tuseme ukweli, waliogopa. Ramla alikuwa binti wa Papa Abdulhamid, fundi wa milango, wa ukoo wa Waislamu waliokuwa Kisangani kabla mji haujaitwa Kisangani. Mama yake Gédéon, Mama Agathe, mzaliwa wa Bumba, aliongoza korali, yaani kwaya, ya parokia kwa miaka ishirini na sita, na alijulikana kwa kumfukuza mazoezini mtu aliyeingia nusu pigo mapema. Mama wa namna hiyo unamwambiaje kwamba mkwe wake hatakaa kwenye korali?

Halafu, Jumamosi moja ya Aprili, katikati ya mazoezi, Mama Agathe aliinua mkono wa kuume kuwaingiza akina sauti ya pili, na mkono ukashuka wenyewe. Wanakorali waliendelea kuimba mistari miwili wakidhani ni ishara mpya.

Alirudi nyumbani kutoka hospitali baada ya wiki tatu. Upande wa kuume ulikuwa mzito, na mdomoni hamkuwa na hata neno moja.

"Mama haongee," Gédéon alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Hata jina yangu, Ramla. Ananiangalia, machozi inatoka, haongee. Kuya umutibu."

"Siwezi. Mutu hatibu mutu wa kwake. Ni sheria, na iko na sababu."

"Nani atamutibu alors?"

Hapo ndipo sheria iliposhindwa. Kisangani nzima ilikuwa na watu wawili wa kazi ile: Ramla na Léon. Na Léon alikuwa Ubundu kwa miezi mitatu, anafundisha wauguzi. Mwanzo ndio wakati wenyewe wa kurudisha maneno. Ukichelewa, mlango unazidi kukaza. Ramla alijua hivyo kuliko mtu yeyote, na kujua kulimnyima usingizi.

"Mpaka Léon arudi," alisema mwishowe. "Na usikie vizuri. Pale kwenu mi siko sheri. Niko Madame Ramla. Usinishike mukono, usinisindikize, mama asijue kitu. Na namba yangu musimupe."

"Naapa," alisema Gédéon. Maskini, aliapa kwa moyo wote.

Somo la kwanza lilikuwa la maji. Ramla aliketi mbele ya mama, akachukua mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akauweka juu ya meza. Alifundisha kwa Kilingala, kwani Mama Agathe alisali, aliimba na kugomba kwa Kilingala. Na Kilingala, anayekijua atanisadiki, kina neno moja tu la kutaka na la kupenda. Mwenye kiu anasema *nalingi* maji, na mwenye mapenzi anasema *nalingi* wewe; msikilizaji ajitafutie mwenyewe. Ukitaka kukataa, unasema yote kwanza, halafu unaweka *te* mwishoni.

"Na-li-ngi ma-i," aliimba Ramla, juu, juu, chini, juu, chini, akigongesha mkono wa mama mezani mara tano.

Siku ya sita, mama aliimba: "Nalingi mai."

Benie, dada mdogo wa Gédéon, aliangusha kikombe. Gédéon alipiga ukelele, akasahau kiapo, akamshika Ramla mikono yote miwili. Ramla aliivuta mikono yake haraka, kwa uso wa serikali, akasema, "Mupatie maji, monsieur." Gédéon alienda kuchota, lakini lile neno *monsieur* lilimchoma, na ingawa alijua ni mapatano, halikuacha kumchoma.

Mama alipanda neno kwa neno. Nalingi chai. Nalingi Benie. Nalingi kulala te. Na siku moja, bila kufundishwa, alimtazama munganga wake kwa macho yaliyojaa, akagonga meza na kuimba: "Nalingi Ramla."

Anataka Ramla aje? Anampenda Ramla? Vyovyote. Ramla alitoka nje akalia nyuma ya kalibu za mchanga.

Kutoka siku ile mambo yalianza kumzidi. Benie, kwa wema wake, aliweka namba ya Ramla kwenye simu ya mama, pamoja na picha, ili mama abonyeze uso tu. Saa kumi na mbili asubuhi: "Nalingi Ramla." Saa sita: "Nalingi Ramla." Ramla yuko na mgonjwa mwingine, mzee wa Tshopo anayehangaika na jina la mkewe, simu inatetemeka mfukoni. Asipopokea, Benie anapiga: mama amekataa kula. Akipokea, mzee wa watu anakaa na silabi yake nusu mdomoni. Mara mbili yule mzee aliondoka kabla ya wakati, na mara ya tatu hakurudi.

Na Gédéon? Gédéon alipiga pia.

"Sheri, mama amesema *mpasi*. Yeye peke yake!"

"Muzuri sana."

"Ni neno ya maumivu, *mpasi*. Ni mbaya? Kuya umuangalie."

"Nilikuwa pale asubuhi."

"Ni dakika mbili tu na pikipiki."

"Gédéon, uniulize kitu ingine. Kimoja tu."

Kwa mbali iligonga nyundo ya jirani.

"Kitu gani?" aliuliza Gédéon, na aliuliza kwa haki, kwani hakujua kweli. Mapenzi yao yalikuwa yamegeuka ripoti ya hospitali. Ramla alikonda mpaka pete yake ikamtoka kidoleni. Nyumbani Papa Abdulhamid alimuuliza kama anafunga Ramadhani ya peke yake.

Léon aliporudi kutoka Ubundu, mwanamume mfupi mwenye gitaa kuukuu na sauti mbaya kuliko zote katika mkoa, alimsikiliza yote, akamtazama mara moja tu.

"Dada, uko munganga pale ao uko mutoto wa nyumba?"

"Sijui tena," alisema Ramla, na kulisema jambo hilo kwa sauti kulimtisha.

"Basi mama analipa bei, na bwana analipa bei, na we unalipa ya wote wawili. Nipatie mama."

Alhamisi Ramla alimweleza Mama Agathe yeye mwenyewe, taratibu, kwa maneno machache. Wiki ijayo Ramla anaondoka. Atakuja Léon. Léon ni mwema. Mama alimtazama tu, na mkono wa kushoto ulikaa mezani umekunjwa ngumi. Ramla aliondoka akijiona mwizi.

Kumbe Gédéon alikuwa na furaha. Ramla akiacha kuwa munganga, si anarudi kuwa sheri? Hakungoja. Jumamosi alivaa shati jeupe, akaketi mbele ya mama yake, akawasha simu irekodi sauti, apate baraka ya kumpelekea mpenzi wake kama zawadi. Akamwambia mama yote: kwamba Madame Ramla ni mchumba wake, kwamba anataka kumwoa. Halafu akauliza kwa Kilingala, neno kwa neno alivyofundishwa, kama mama anamtaka Ramla.

Mama aliimba: "Nalingi Ramla..." Akakawia. Kisha, kwa nguvu: "Te!"

Ramla alikuwa anakunja nguo simu ilipolia.

"Amekataa," alisema Gédéon.

"Nani?"

"Mama. Nilimuuliza. Amesema *nalingi Ramla te*. Wazi, Ramla. Hajasemaka neno wazi vile tangu Aprili."

Ramla alikaa kitandani juu ya nguo alizokunja.

"Ni juu ya dini?"

"Sijui. Nilimuuliza tena, akalia, akageukia ukuta. Sheri, mi nitafanya nini? Niko na mama mumoja. Miezi mine sikusikia sauti yake ya zamani, na neno ya kwanza yenye nguvu ni hiyo. Nimukatalie?"

"Usimukatalie," alisema Ramla.

"We ndiye ulimufundisha kusema *te*."

Alisema kwa uchungu tu, lakini lilitua palipouma. Ramla alikata simu, na safari hii alikata kweli.

Wiki tatu zilifuata ambazo sitazirefusha, kwa kuwa kila aliyewahi kuachwa anazijua. Gédéon alimimina sufuria zikatoka na matundu. Ramla alifanya kazi vizuri mno, kama watu wanavyofanya wakiogopa kusimama. Mama Agathe aliacha kuimba. Léon alikwenda mara mbili kwa wiki, akapiga gitaa lake, akarudi.

"Amefunga mdomo," alimwambia Ramla. "Hata maji haombi tena."

Ndipo Ramla alipokata tamaa kabisa. Kumpoteza mwanamume alikuwa anajaribu kukubeba. Lakini maneno yale, aliyoyachimba moja moja, yalikuwa yanarudi shimoni, na kosa ni lake: angekataa tangu mwanzo, mama angepata munganga safi, angekubali mpaka mwisho, mama angeendelea kuimba. Alikuwa amesimama katikati, na katikati hapakumfaa mtu yeyote.

Siku hiyo hiyo Benie alimtumia ile rekodi, na chini yake maneno mawili: *Sikia mwenyewe.* Alikuwa na hasira, msichana wa watu. Aliona mama anazima na munganga hayupo.

Ramla alisikiliza. Nalingi Ramla. Te. Alisikiliza mara nne, kama mtu anayebonyeza jipu. Halafu akaifunga simu na kwenda kumpokea mgonjwa wake wa saa nne, mama mmoja wa Kabondo aliyekuwa anajifunza kuomba chumvi.

Mama wa Kabondo alikwama. Neno *chumvi* halikuja. Lakini mkono wake haukukwama: uligonga meza mara mbili, *chu*, *mvi*, mdomo umefungwa. Mkono ulijua neno ambalo ulimi haukulipata. Ramla alikuwa ameona jambo hilo mara mia. Aliinuka ghafla hivi kwamba kiti kilianguka.

"Unisamehe, mama. Dakika moja."

Koridoni alibana simu sikioni na kuziba sikio la pili. Nalingi Ramla. Kisha kile kimya. Hakikuwa kimya. Nyuma ya pumzi za mama, mbao ya meza: to, to, to. Kisha *te*.

Kulikuwa na mapigo matatu, na neno la silabi tatu ambalo halikutoka. *Akende.* A, ke, nde. Sitaki Ramla aende.

Furaha ilimpanda, na hapo hapo furaha ile ikamtia hofu. Maneno ya silabi tatu ni mengi. Alihitaji mno liwe hilo. Mwanamke anayependa anasikia anachotaka, na munganga anayesikia anachotaka ni hatari kwa mgonjwa. Aliurudisha mkono uliokuwa tayari kumpigia Gédéon, akamalizia chumvi ya mama wa Kabondo, kisha akaingia kwa Léon. Hakumwambia aliyopata kichwani. Alimwekea rekodi tu.

Léon alifunga macho. "Tatu," alisema. "Anagonga tatu katikati."

"Neno gani?"

"Nitajuaje? Umuulize mwenye mukono." Akafungua jicho moja. "Hapana, we usimuulize. Ukimuuliza we, atasoma jibu ku uso yako. Nitauliza mi. We utakaa nyuma, na hautafungua mudomo."

Ramla alimpigia Gédéon kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini na mbili.

"Kesho mchana nitakuya na Léon."

"Ramla..." Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kupita kiasi. "Usikuye kuniumiza."

"Kuko neno mama alilisema na mukono, hatukulisikia. Pengine ni baya. Nataka tulisikie vilevile."

Kesho yake mchana, chumba cha mbele kilikuwa na joto la bati. Mama Agathe alikaa kwenye kiti chake, amevaa kaba, gauni pana la bluu, amepungua sana. Gédéon alisimama mlangoni na aproni yake ya kazi. Alimtazama Ramla mara moja kisha akatazama sakafu. Ramla alikwenda kuketi nyuma kabisa, karibu na Benie, akakalia viganja vyake ili visimsaidie mtu.

Léon aliweka mkono wa mama mezani. "Na-li-ngi Ra-mla," aliimba kwa sauti yake ya mbuzi. Kisha akanyamaza, akaachia nafasi.

Mkono uligonga. To, to, to. Mdomo ulisimama wazi.

Léon hakumpa neno, alingoja. Ramla nyuma alikuwa analijua, lilikuwa kwenye meno yake, ilitosha kulinong'ona tu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Nusu dakika ni muda mrefu sana kwa mtu anayeweza kusaidia.

"A," alisema mama. "A... ke." Alifunga macho kwa hasira. "Akende! Nalingi Ramla akende te!"

Gédéon alikaa chini pale pale mlangoni, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Hakukataa," alisema. "Mama, haukumukataa? Ulikuwa unalilia asiende? Mungu wangu! Wiki tatu, Ramla! Wiki tatu nilikula huzuni bure!" Alikwisha simama tena, anacheka na kulia, amevuka chumba. "Basi imeisha! Mama, ni yeye nataka kuoa. Akuwe bokilo yako, mukwe wako. Unamutaka munganga wako, ao unamutaka bokilo?"

Mama aliwatazama, mmoja kisha mwingine. Uso uliolala upande mmoja uliamka wote. Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Nyonso," alisema. "Nyonso mibale."

Vyote viwili. Gédéon alipiga makofi. "Umesikia? Nyonso mibale! Utamutibu na utakuwa mutoto wake. Kuko shida gani?"

Kila mtu alimgeukia Ramla, na Mungu anajua ilikuwa rahisi kiasi gani kusema ndiyo. Alitoka nyuma, akapiga magoti mbele ya kiti, na akaanza kulia kabla hajasema.

"Mama, vyote viwili siwezi. Nilijaribu. Nilipokuwa vyote viwili nilikutibu vibaya, na mutoto wako nilimupenda vibaya, na mzee mumoja wa Tshopo alienda kwao bila jina ya bibi yake. Nikikuwa bokilo, nitakupikia, nitakuogesha, nitagomba na we. Utanipigia simu saa yoyote. Lakini kazi hii ni ya Léon."

"Hata saa moja kwa wiki?" aliuliza Gédéon.

"Hata saa moja."

"Léon haimbake muzuri!"

"Najua," alisema Ramla.

"Ni kweli," alisema Léon.

Gédéon alimtazama mama yake. Alimtazama Ramla, aliyekonda, kilemba kimelegea, machozi hadi kidevuni. Pengine ndiyo mara ya kwanza tangu Aprili alipomwona.

"Ulikonda," alisema polepole. "Sikukuuliza hata siku moja kama ulikula."

"Haukuniuliza."

"Kuwa bokilo, Ramla. Kuwa bibi yangu. Jumapili nitakuya kwa papa yako na tonton zangu, wajomba wote, anifukuze kama anataka, nitarudi. Munganga nitatafuta mwingine. We, sina pengine pa kukutafuta."

"Ndiyo," alisema Ramla.

Lakini Mama Agathe hakufurahi. Aliuvuta mkono wake kutoka mikononi mwa Ramla, akaugeuza uso kwenye ukuta, kama siku ile. Alikuwa amepewa mkwe na amenyang'anywa munganga kwa sentensi moja, na hakuna aliyemuuliza kama bei inamfaa. Ramla aliona mgongo ule na moyo ukampasuka. Aliinuka, akarudi nyuma, akakaa.

"Tuendelee," alisema Léon, akalichukua gitaa lake. "Na-li-ngi—"

Alianza juu mno. Juu kupita kiasi, hata Benie alikunja uso, na kamba ya tatu haikuwa sawa. Ramla alijua mama hawezi kuifikia sauti ile. Alijua ni wapi pa kuishusha. Koo lake lilikuwa limekwisha jiandaa. Gédéon alimshika mkono mbele ya watu wote, na Ramla alimbana vidole mpaka vikamuuma.

"Na-li-ngi—" Léon alirudia, vilevile vibaya.

Mgongo wa mama ulikakamaa. Léon akarudia mara ya tatu.

"Te!" alifoka Mama Agathe.

Aligeuka na kiti chake. Alimtazama yule mtu mfupi kwa jicho ambalo korali ya parokia ililiogopa miaka ishirini na sita, akapiga meza kwa mkono wa kushoto anyamaze. Kisha akavuta pumzi, na bila kupewa sauti na mtu yeyote, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, alianza wimbo yeye mwenyewe, chini, pale pale ulipotakiwa kuwa. Akamwonyesha Léon kwa kidole aingie.

Léon aliingia nusu pigo mapema. Mama alimsimamisha, akaanza upya.